Cheti Mlangoni: Udhibiti wa Kuingia Kazini Nchini Italia Wakati wa Janga la UVIKO-19, 2020–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna mlango wa mahali pa kazi ulivyodhibitiwa nchini Italia tangu Machi 2020 hadi Aprili 2022. Hoja yake ya msingi ni kwamba udhibiti huo ulipitia hatua mbili zenye mantiki tofauti. Katika hatua ya kwanza, mlangoni kilipimwa kinachoweza kuonekana kwa siku ile, yaani joto la mwili, na aliyezuiwa alihesabiwa kuwa mgonjwa anayestahili kutunzwa. Katika hatua ya pili, mlangoni kilikaguliwa cheti, na aliyezuiwa alihesabiwa kuwa mtoro asiyestahili ujira. Insha inaonyesha kuwa badiliko hilo haliwezi kueleweka bila kurejea historia ndefu ya hati za afya katika miji ya Italia na sheria ya kazi ya mwaka 1970. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: anayefunga mlango wa kazi kwa ajili ya afya ya wote, ana wajibu gani kwa riziki ya yule aliyebaki nje?

1.0 Utangulizi

Ijumaa tarehe 15 Oktoba 2021, wafanyakazi wapatao milioni 23 nchini Italia walianza kutawaliwa na sharti jipya. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kiwandani, ofisini, dukani, shambani wala katika nyumba ya mwajiri wake bila kuonyesha cheti cha kijani. Cheti hicho kilithibitisha jambo moja kati ya matatu: kwamba mwenye nacho amechanjwa dhidi ya UVIKO-19, kwamba amepona ugonjwa huo karibuni, au kwamba amepimwa ndani ya muda uliowekwa na kukutwa hana maambukizi. Asiyekuwa nacho hakufukuzwa kazi. Alihesabiwa kuwa hayupo kazini bila sababu halali, na kwa siku hizo hakulipwa chochote.

Italia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa barani Ulaya kuweka sharti hili kwa wafanyakazi wote, wa umma na wa sekta binafsi. Kwa sababu hiyo imeandikwa sana katika taaluma za sheria, tiba na siasa. Maandishi mengi, hata hivyo, yanalichukulia sharti hilo kama uzushi wa mwaka 2021, ama kwa kulisifu kuwa ni ubunifu wa serikali, ama kwa kulilaumu kuwa ni uvunjaji wa ghafla wa haki. Mtazamo wa insha hii ni tofauti. Mlango wa kazi una historia. Kabla ya simu ya mkononi kusoma msimbo wa cheti, kulikuwa na kipimajoto. Kabla ya kipimajoto, kulikuwa na mlinzi anayepekua wafanyakazi wakitoka. Na karne nyingi kabla ya kiwanda chenyewe, kulikuwa na askari katika lango la mji akidai hati ya afya kwa kila mpita njia.

Insha inatumia maandiko ya sheria na itifaki za kipindi hicho kama ushahidi wake mkuu, na kuyasoma pamoja na matukio yanayofahamika hadharani. Haikusudii kupima kama chanjo ilifaa kitabibu. Inachunguza mlango: nani aliushika, aliangalia nini, na gharama ya kufungwa kwake ilibebwa na nani.

2.0 Urithi wa hati ya afya

Miji ya Italia ndiyo iliyoijengea Ulaya taasisi za kwanza za kudumu za kuzuia magonjwa ya mlipuko. Baada ya tauni kubwa ya mwaka 1348, ugonjwa huo ulirudi mara kwa mara, na watawala wakajifunza kutokungoja. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu zenye tauni wakae nje kwa siku 30. Mwaka 1423 Venice ilifungua katika kisiwa kimojawapo cha wangwa wake hospitali ya kutenga wagonjwa wa tauni. Neno karantini lenyewe, ambalo msemaji wa Kiswahili amelizoea tangu zamani, asili yake ni Kiitalia na maana yake ni siku arobaini.

Pamoja na kutenga watu, miji hiyo ilianzisha hati. Msafiri, mfanyabiashara au mchukuzi alilazimika kubeba karatasi iliyotolewa na mamlaka ya afya ya alikotoka, ikithibitisha kuwa mahali hapo hapana tauni. Mwanahistoria Carlo M. Cipolla, aliyechunguza kwa kina mabaraza ya afya ya Toscana ya karne ya 17, ameonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ya kiserikali hasa: barua kati ya mji na mji, walinzi malangoni, adhabu kwa waliopita njia za panya. Hati hizo hazikuchunguza mwili wa mtu. Zilichunguza alikotoka. Hata hivyo matokeo yake kwa mtu wa kazi yalikuwa ya moja kwa moja, kwani mchukuzi asiye na hati hakuweza kufikisha mzigo, na mzigo usiofika haukulipwa.

Tukio la Florence ni la muhimu zaidi kwa hoja yetu. Januari 1631, katikati ya tauni, Baraza la Afya la mji huo liliamuru karantini kuu: sehemu kubwa ya wakazi wafungiwe majumbani kwa siku arobaini. Wengi wao walikuwa mafundi na vibarua wa kusokota na kufuma hariri na sufu, watu waliokula leo kwa kazi ya leo. Baraza lilitambua kwamba amri ya kukaa ndani isiyo na chakula ingevunjwa kabla ya juma kwisha. Kwa hiyo mji uligawa mkate, divai na vyakula vingine mlango kwa mlango, kwa gharama kubwa ya hazina yake. John Henderson, katika utafiti wake juu ya tauni hiyo, anaonyesha pande zote mbili za siasa hii. Palikuwa na huruma, na palikuwa na mkono wa chuma: waliokutwa wakivuka vizingiti vyao walishtakiwa, wengine wakatozwa faini au kufungwa gerezani, na maskini walitazamwa kama chanzo cha hatari.

Hatupaswi kuipamba Florence ya 1631. Lakini kanuni moja inaonekana wazi katika mwenendo wake, hata kama haikuandikwa kama kanuni: mamlaka iliyofunga mlango ilipeleka mkate mlangoni. Kanuni hiyo itatusaidia kupima yaliyotokea karne nne baadaye.

3.0 Lango la kutokea: sheria ya mwaka 1970

Kiwanda cha karne ya 20 kilikuwa na lango la aina nyingine. Mwajiri alichohofia hakikuwa ugonjwa unaoingia bali mali inayotoka. Ukaguzi wa miili na mikoba ulikuwa jambo la kawaida, na wafanyakazi waliuona kuwa ni udhalilishaji. Vilevile waajiri walituma madaktari wao wenyewe kuhakiki kama anayedai kuumwa anaumwa kweli.

Migomo mikubwa ya mwaka 1969 ilibadilisha hali hiyo. Bunge la Italia lilipitisha Sheria Namba 300 ya tarehe 20 Mei 1970, inayojulikana kama Mkataba wa Haki za Wafanyakazi. Vifungu viwili vyake vinahusu moja kwa moja suala letu. Kifungu cha 5 kilimkataza mwajiri kumchunguza mfanyakazi afya yake yeye mwenyewe. Uchunguzi huo ulikabidhiwa kwa taasisi za umma. Kifungu cha 6 kilikataza upekuzi wa mwili isipokuwa pale ambapo hapana budi kwa ajili ya kulinda mali ya kampuni, na hata hapo kwa masharti: ufanyike wakati wa kutoka mahali pa kazi, uheshimu utu na faragha, na wanaopekuliwa wachaguliwe kwa utaratibu wa kubahatisha, si kwa hiari ya msimamizi.

Kwa hiyo, kwa nusu karne, sheria ya kazi ya Italia ilijua lango la kutokea tu. Ilifikiri juu ya kitu kilichofichwa katika mkoba, wala haikufikiri juu ya kitu kilichofichwa katika pumzi. Na jambo la afya ililiweka mbali na mkono wa mwajiri kwa makusudi, kwa kuwa waliolipigania walijua kwa uzoefu kwamba taarifa ya ugonjwa mikononi mwa mwajiri hugeuka kwa urahisi kuwa sababu ya kumwondoa mtu. UVIKO-19 ulipofika, ukuta huo ndio uliotikiswa kwanza.

4.0 Machi 2020: kipimajoto na mgonjwa

Maambukizi ya ndani yaligunduliwa Codogno, katika mkoa wa Lombardia, usiku wa kuamkia tarehe 21 Februari 2020. Siku mbili baadaye manispaa 11 zilifungwa. Kufikia tarehe 9 Machi amri ya kukaa nyumbani ilikuwa imetangazwa kwa nchi nzima, na tarehe 11 Machi maduka mengi yakafungwa. Viwanda, hata hivyo, viliendelea. Mfanyakazi aliambiwa asitoke nyumbani, kisha akatakiwa asimame bega kwa bega na wenzake katika mstari wa uzalishaji. Mnamo tarehe 12 na 13 Machi migomo isiyopangwa ilizuka katika viwanda vya sehemu mbalimbali za nchi. Madai yake hayakuwa nyongeza ya mshahara. Walitaka kazi isiyoua.

Jibu lilikuja upesi. Tarehe 14 Machi 2020, kwa wito wa serikali, mashirikisho ya wafanyakazi ya CGIL, CISL na UIL yalitia saini itifaki ya pamoja na vyama vya waajiri. Hati hii ndiyo inayofungua historia ya mlango wa kazi katika janga hili, na inastahili kusomwa kwa makini.

Itifaki iliruhusu wafanyakazi wapimwe joto kabla ya kuingia. Aliyezidi nyuzi 37.5 asiingie. Lakini maandiko hayakuishia hapo. Mtu huyo atengwe kwa muda, apewe barakoa, asipelekwe katika chumba cha dharura cha hospitali, bali awasiliane na daktari wake na kufuata maelekezo. Tanbihi ya itifaki ilikiri kwamba kupima joto ni kushughulikia taarifa binafsi. Hivyo ikaelekeza kipimo kisiandikwe, isipokuwa pale ambapo mtu amezidi kiwango na inabidi sababu ya kumzuia iwekwe katika kumbukumbu. Aidha, saa za kuingia na kutoka zipishanishwe ili kuzuia msongamano, na pale inapowezekana mlango wa kuingilia uwe tofauti na wa kutokea. Madereva wa malori ya nje wabaki ndani ya magari yao na watengewe choo chao. Katika kila kampuni iundwe kamati ya kusimamia utekelezaji, yenye wawakilishi wa wafanyakazi ndani yake.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, udhibiti huu ulizaliwa na mgomo. Wafanyakazi wenyewe ndio waliotaka mlango ulindwe, kwa kuwa aliyekuwa hatarini ni aliyekwisha kuwa ndani. Pili, usimamizi wake uligawanywa: mwajiri alishika kipimajoto, lakini kamati ya pamoja ilimwangalia mwajiri. Tatu, aliyezuiwa hakupoteza hadhi yake. Alikuwa mgonjwa, au mtu anayedhaniwa kuwa mgonjwa, na sheria ya kazi ilikuwa na mahali pa mtu huyo. Amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 17 Machi 2020 iliimarisha jambo hili kwa kuhesabu muda wa karantini kuwa sawa na ugonjwa katika sekta binafsi, kupanua mfuko wa kufidia ujira wa waliosimamishwa kazi, na kupiga marufuku kufukuza watu kwa sababu za kiuchumi. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, mlango ulifungwa na mkate ukapelekwa.

Dereva wa lori ndiye anayetuonyesha mpaka wa utaratibu huo. Yeye hakuwa na kiti katika kamati ya kampuni aliyopelekea mzigo. Usalama wa walio ndani ulipatikana kwa kumwacha nje, juu ya usukani wake. Tangu siku ya kwanza, basi, mlango uliwatenganisha watu kwa namna mbili: wagonjwa na wazima, na wa ndani na wa nje.

5.0 Oktoba 2021: cheti na mtoro

Cheti cha kijani kilianzishwa na amri ya tarehe 22 Aprili 2021, na baadaye kikaunganishwa na cheti cha Umoja wa Ulaya kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Lengo la awali lilikuwa kurahisisha safari. Kisha kikaingia katika maisha ya ndani hatua kwa hatua: tangu tarehe 6 Agosti kilihitajika kwa kuketi ndani ya mikahawa na kuingia makumbusho na kumbi za mazoezi, tangu tarehe 1 Septemba kilihitajika kwa watumishi wa shule na vyuo vikuu. Amri Namba 127 ya tarehe 21 Septemba 2021, iliyotolewa na serikali ya Mario Draghi, ikakipeleka katika kila mahali pa kazi kuanzia tarehe 15 Oktoba.

Mwajiri alipewa wajibu wa kukagua, ikibidi kwa kuchagua baadhi tu ya wafanyakazi, na ikiwezekana wakati wa kuingia. Asiyepanga ukaguzi alikabiliwa na faini ya yuro 400 hadi 1,000. Mfanyakazi aliyekutwa ndani bila cheti alikabiliwa na faini ya yuro 600 hadi 1,500. Aliyezuiwa mlangoni hakutozwa faini, bali alikosa ujira. Programu ya simu iliyotumika kukagua ilionyesha rangi ya kijani au nyekundu pamoja na jina la mtu. Haikumwambia mkaguzi kama mwenye cheti amechanjwa, amepona au amepimwa. Hapa sheria ilijaribu kuuokoa moyo wa kifungu cha 5 cha mwaka 1970: mwajiri ajue kwamba mtu anaweza kuingia, asijue kwa nini.

Ulinzi huo ulidhoofika upesi. Sheria Namba 165 ya tarehe 19 Novemba 2021, iliyoithibitisha amri hiyo bungeni, ilimruhusu mfanyakazi kumkabidhi mwajiri nakala ya cheti chake ili asikaguliwe kila siku. Mamlaka ya Kulinda Taarifa Binafsi ilikuwa imeonya juu ya hatari ya hatua hiyo, kwani anayehifadhi cheti huweza kung'amua, kwa tarehe ya kuisha kwake tu, mtu amekipata kwa njia gani. Urahisi wa asubuhi ulinunuliwa kwa sehemu ya faragha.

Sheria hiyohiyo ina kipengele kingine ambacho kwa mwanahistoria kina uzito mkubwa. Ilieleza kwamba cheti kikiisha muda wake mtu akiwa kazini, anaweza kumaliza zamu yake bila adhabu. Kama lengo lilikuwa kuhakikisha kuwa kila pumzi katika chumba cha kazi ni salama, kipengele hiki hakina maana. Kina maana pale tu tunapokubali kuwa kilichodhibitiwa hasa ni tendo la kuvuka kizingiti. Kipimajoto kiliuliza mwili wa mtu una hali gani sasa. Cheti kiliuliza mtu ametimiza sharti la kuingia au la.

Dalili nyingine za mantiki hiyo si chache. Katika majira hayo ya Oktoba, mhudumu wa duka la vyakula alitakiwa kuwa na cheti, lakini mteja hakutakiwa. Kinyozi alitakiwa, anayenyolewa hakutakiwa. Mahakamani, hakimu alikuwa chini ya sharti hilo, ilhali wakili na shahidi hawakuwa chini yake. Virusi havitofautishi kati ya anayeuza na anayenunua. Sheria ilitofautisha, kwa kuwa kwa njia ya mshahara iliweza kumfikia mfanyakazi kwa uhakika kuliko ilivyoweza kumfikia mteja.

Ni haki kueleza hoja ya upande wa pili kwa nguvu yake yote. Kufikia Oktoba 2021, zaidi ya watu 130,000 walikuwa wamekufa kwa UVIKO-19 nchini Italia. Hospitali za Bergamo na kwingineko zilikuwa zimeelemewa mwaka uliotangulia kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kuiona tena. Chanjo zilikuwapo bila malipo, na wakati huo takribani wanane kati ya kila wakazi 10 wenye umri wa zaidi ya miaka 12 walikuwa wamekamilisha dozi. Njia mbadala iliyofahamika ilikuwa kufunga tena biashara, na kufungwa huko kungewaumiza vibaya zaidi wenye kipato kidogo. Kwa mtazamo huu, cheti kiliufunga mlango kwa wachache ili ubaki wazi kwa wengi. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Inachobaki kuuliza ni namna ilivyowatendea hao wachache.

6.0 Waliobaki nje: bandari na nyumba

Kipimo cha haraka kilikuwa halali kwa saa 48, na bei yake ya juu kwa mtu mzima ilikuwa yuro 15. Anayefanya kazi siku tano kwa juma alihitaji kwa kawaida vipimo vitatu, yaani yuro 45 kwa juma, au takribani yuro 180 kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara mnono hiyo ni kero. Kwa kibarua ni sehemu ya kodi ya nyumba. Sheria haikumlazimisha mtu kuchanjwa. Ilimwachia hiari, lakini hiari yenye bei isiyo sawa kwa wote. Vyama vya wafanyakazi viliuona mtego huu. Maurizio Landini, katibu mkuu wa CGIL, na viongozi wenzake walidai ama sheria ya wazi ya kuwajibisha chanjo, ambayo Bunge lingeijibia, ama vipimo vya bure kwa wanaotakiwa kazini. Dai hilo halikukubaliwa kwa ujumla wake.

Upinzani wa mitaani uliyachanganya madai haya na mengine. Tarehe 9 Oktoba 2021, makao makuu ya CGIL jijini Roma yalivamiwa na waandamanaji waliopinga cheti, wakiongozwa na watu wa mrengo mkali wa kulia. Kuanzia tarehe 15 Oktoba makuli na wafanyakazi wengine wa bandari ya Trieste, wengine kati yao wakiwa wamechanjwa, walikusanyika katika lango namba 4 la bandari hiyo kudai cheti kiondolewe kwa kila mfanyakazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imependekeza kampuni za bandari zitoe vipimo bure, pendekezo lililozua swali la haki: kwa nini mwenye uwezo wa kusimamisha meli apimwe bure, na mfagiaji wa ofisi ajilipie? Tarehe 18 Oktoba polisi waliliondoa kundi hilo langoni kwa maji ya shinikizo na gesi ya machozi. Katika majuma yaliyofuata maambukizi yalipanda Trieste, na mikutano ikapigwa marufuku katika uwanja mkuu wa mji. Historia ina kejeli yake: Trieste, bandari huru tangu mwaka 1719, ilikua kibiashara katika karne ya 18 ikiwa na vituo vyake vya karantini, ambamo mabaharia na bidhaa zao walingoja ruhusa ya kuingia.

Bandari ilikuwa na sauti. Kulikuwa na mahali pengine pa kazi ambapo hapakusikika sauti yoyote, nako ni nyumbani. Maelfu ya wazee wa Italia hutunzwa na wanawake wahamiaji, wengi wao kutoka Romania, Ukraine na Moldova. Amri Namba 127 iliwahusu nao, na familia iliyowaajiri ililazimika kukagua vyeti vyao. Baadhi yao walikuwa wamechanjwa makwao kwa chanjo ya Sputnik V, ambayo haikuidhinishwa na Shirika la Dawa la Ulaya. Kwa mujibu wa mlango, hawakuwa wamechanjwa. Na kwa mhudumu anayelala kwa mwajiri wake, kizingiti cha kazi na kizingiti cha makazi ni kimoja. Aliyezuiwa kuingia kazini alitishiwa kukosa ujira na pa kulala kwa wakati mmoja, huku mzee aliyemtegemea akibaki bila wa kumgeuza kitandani. Hapakuwa na kamati ya pamoja ya kukaa mezani, wala lango namba 4 la kusimama mbele yake.

7.0 Mwisho wa cheti na hukumu ya Mahakama ya Katiba

Masharti yalikazwa kabla ya kulegezwa. Amri ya tarehe 7 Januari 2022 iliwajibisha chanjo kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na tangu tarehe 15 Februari wafanyakazi wa umri huo hawakuweza tena kuingia kazini kwa kipimo peke yake. Tarehe 25 Machi sharti hilo lililegezwa, hali ya dharura ikaisha tarehe 31 Machi, na tarehe 30 Aprili 2022 ilikuwa siku ya mwisho ya cheti mlangoni kwa wafanyakazi wengi. Wajibu wa chanjo kwa watumishi wa afya, uliowekwa na amri ya tarehe 1 Aprili 2021, uliendelea hadi mwanzoni mwa Novemba 2022.

Kuhusu kundi hili la mwisho, Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu Namba 14, 15 na 16 za mwaka 2023. Mahakama ilikubali kuwa wajibu huo haukuwa nje ya mipaka ya Katiba, ambayo katika kifungu cha 32 inaruhusu tiba ya lazima kwa njia ya sheria pekee. Katika hukumu Namba 15 ilikataa pia dai kwamba waliosimamishwa walipaswa kupewa angalau posho ya kujikimu, ambayo hutolewa hata kwa mtumishi aliyesimamishwa akisubiri kesi ya jinai. Sababu yake ilikuwa kwamba aliyekataa chanjo alijiondolea mwenyewe sharti la kufanya kazi, na aliweza kulirejesha wakati wowote.

Kisheria, hoja hiyo imejengeka vizuri. Kihistoria, inathibitisha umbali uliotembewa tangu Machi 2020. Mfanyakazi aliyezuiwa kwa joto la mwili hakuwa amechagua, hivyo jamii ilimbeba. Aliyezuiwa kwa kukosa cheti alihesabiwa kuwa amechagua, hivyo jamii ilimwachia mzigo wake. Lakini sheria ya Oktoba 2021 haikutofautisha kati ya aliyekataa kwa itikadi, aliyeogopa, aliyechanjwa kwa chanjo isiyotambuliwa, na aliyeshindwa kulipia kipimo cha tatu cha juma. Wote mlangoni walionyesha rangi moja, nyekundu.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba udhibiti wa kuingia kazini nchini Italia haukuwa jambo moja lililoendelea kukua, bali mifumo miwili iliyofuatana. Wa kwanza ulidaiwa na wafanyakazi, ukasimamiwa kwa pamoja, ukapima mwili wa siku ile, na ukaambatana na fidia. Wa pili uliamriwa na serikali, ukakabidhiwa kwa mwajiri, ukakagua sharti badala ya hali, na ukatumia ujira kama chombo cha kushawishi. Mifumo yote miwili ilikuwa na lengo la kuokoa maisha. Tofauti yao iko katika mahali gharama ilipoangukia.

Kwa mtafiti wa historia ya kazi, somo ni kwamba swali la mlango halijibiwi kwa kuuliza tu kama ufungwe au uachwe wazi. Wakati wa ugonjwa wa mlipuko kuna milango ambayo ni lazima ifungwe, na wafanyakazi wa Machi 2020 waligoma wakidai jambo hilohilo. Baraza la Afya la Florence la mwaka 1631 halikujua bakteria wala virusi, na liliwaadhibu maskini bila huruma nyingi. Lakini lilielewa kwamba fundi wa hariri aliyefungiwa bila mkate atatoka, na akitoka, amri yote itakuwa bure. Jamhuri ambayo kifungu cha kwanza cha Katiba yake kinasema imejengwa juu ya kazi ilikuwa na sababu nzito zaidi ya kulikumbuka hilo. Karibu kila mara sheria zijazo zitakazoandikwa kwa ajili ya janga lijalo zitaeleza nani asiingie na nani amkague. Zitakuwa kamili pale tu zitakapoeleza, katika kifungu hichohicho, aliyebaki nje atakula nini.